Sahihi Yako na Mipaka Yake: Neno Kuhusu HOA



Mimi ni nesi, si mwanasheria, lakini kazini nashuhudia wagonjwa wakisaini fomu za ridhaa, kwa hiyo neno "alisaini mwenyewe" nalijua uzito wake.

Ndilo neno tunalojibiwa kila tukilalamikia HOA, yaani chama cha wenye nyumba mtaani. Ulinunua kwa hiari, ukasaini, basi paka rangi uliyoambiwa. Hoja hiyo siibezi. Nikitoka zamu ya usiku nashukuru kwamba jirani hawezi kufungua karakana ya kuchomelea vyuma uani kwake (mafundi mnisamehe).

Lakini hebu tujiulize, hiari hiyo ni ya kiasi gani? Mgonjwa akisaini kutolewa kidole tumbo, daktari haruhusiwi kuongezea na figo. Tena kabla ya kisu anaweza kughairi. Masharti ya HOA yameandikishwa kabla hujafika, yanaifuata nyumba na si mtu, na kura za wengi zinaweza kuyabadilisha ukiwa umeshahamia. Kughairi maana yake uuze, uondoke.

Ndiyo maana Marekani yenyewe, pamoja na kuipenda mikataba, imeweka mipaka. Zamani hati nyingi zilikataza nyumba kuuzwa kwa mtu mweusi. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer iliyotoka St. Louis, Mahakama ya Juu ilisema mahakama haziwezi kutumika kutekeleza sharti kama hilo. Sheria ya makazi ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe. Waliosaini walisaini kwa hiari yao, na haikuwasaidia. Sisi tuliomo ukumbini humu tungekuwa tunaishi wapi leo?

Hata dishi lina kinga. Tangu 1996 HOA haiwezi kukukataza dishi lisilozidi mita 1 kwenye eneo lako mwenyewe, labda kwa sababu ya usalama.

Linaloniuma ni ada. Texas inailinda nyumba ya familia dhidi ya wadai wengi. Deni la hospitali halikutoi nyumbani kwako. Lakini mwaka 1987, katika kesi ya Inwood, Mahakama ya Juu ya Texas ilikubali nyumba iuzwe kwa ada za HOA, kwa kuwa sharti lilitangulia mnunuzi. Faini peke yake hairuhusu mnada. Ada inaruhusu, hata kama benki ulishaimalizia zamani. Hapo mimi napinga. Deni libaki kwenye hati, lilipwe siku nyumba itakapouzwa.

Kwa sasa sheria haisemi hivyo. Kwa hiyo mwenye ugomvi wa faini asigome kulipa ada. Aliyelemewa ajue kwamba hapa Texas chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kuwa na utaratibu wa kulipa kwa awamu. Uombeni kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.