Mali bila daftari: mafuta ya kwetu na wajibu wetu tulioko Toronto

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa watu wa Afrika Mashariki, Toronto, Kanada)



Nimeombwa niseme juu ya mafuta. Kabla ya kikao kuanza nilikuwa pale kwenye chai nikisikiliza. Mmoja anasema wachimbe leo leo, umaskini umetuchosha. Mwingine anasema mafuta ni laana, yaachwe huko huko chini. Wa tatu anasema dawa ni kupanda mbegu za mafuta, tuache kutegemea Waarabu. Wote nawaheshimu. Lakini naona wote watatu wameruka swali moja: hesabu iko wapi, na nani anaisoma?

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nimekulia Mikindani, na usiku tulikuwa tukiuona moto wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe. Kwa akili zetu za kitoto, mji wenye moto ule haukuweza kukosa mafuta. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1963, na mwaka 2013 kikaacha kusafisha. Kwa hiyo mafuta ghafi ya Turkana yalipopakiwa melini Mombasa mwezi wa Agosti 2019, mapipa kama 200,000, yaliondoka kama yalivyotoka ardhini. Watu wa Mombasa waliyaona yakipita tu.

Mdogo wangu anaendesha tuktuk mjini humo. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipandishwa Kenya kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita moja ya petroli ikapita shilingi 200. Akanipigia simu: "Kaka, si tuliambiwa mafuta yamepatikana kwetu? Mbona bei inapanda?" Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nilimtumia pesa kidogo tukabadilisha mazungumzo.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Kanada ni miongoni mwa nchi zinazotoa mafuta mengi kabisa duniani. Lakini mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, sisi hapa Toronto tulilipa zaidi ya dola mbili kwa lita. Visima vya Alberta havikutusaidia kitu, kwa sababu bei hufuata soko la dunia, na juu yake kuna kodi, usafirishaji na faida ya muuzaji. Kwetu mwaka 2023 ongeza na shilingi iliyokuwa ikishuka mbele ya dola. Kwa hiyo ndugu zangu, tusidanganyane: kisima peke yake hakimpunguzii bei mtu wa tuktuk. Kinachoweza kuleta ni fedha katika hazina. Na fedha hiyo ikiingia gizani, itatoka gizani.

Tuangalie Turkana kwenyewe. Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1. Wenye kazi walikuwa Tullow ya Uingereza pamoja na Africa Oil, kampuni ya Kanada ambayo hisa zake zimeuzwa katika Soko la Hisa la Toronto, mji huu huu tunaokaa. Juni 2018 wananchi wa Turkana waliyazuia malori ya mafuta wakidai usalama na fungu lao. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikagawa mapato ya serikali: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 wananchi wa pale. Lakini asilimia 5 ya kitu gani, kama hujui kilichoingia? Mwaka 2023 Africa Oil ikajitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikakubali kuuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy, na uzalishaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza. Miaka 13 ya ahadi.

Sasa nije kwa ndugu yangu wa mbegu. Mafuta ghafi yalipofika dola 147 kwa pipa, Julai 2008, dunia nzima ilikimbilia mimea, na wawekezaji wakashuka pwani yetu na mbono. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji, na mwaka 2011 ikafilisika. Kenya, katika delta ya Mto Tana, ilikuja Bedford Biofuels kutoka Edmonton, hapa hapa Kanada. Ilifanya mikataba ya kukodi zaidi ya hekta 100,000 za malisho kwa miaka 45. Mwaka 2011 ikapata kibali cha kuanza na hekta 10,000. Haikupita miaka mingi fedha zikaisha na mradi ukafa. Na delta ile ndiyo malisho ya Waorma wakati wa kiangazi na mashamba ya Wapokomo.

Sisemi mafuta ya mimea ni haramu. Hapa Ontario petroli huchanganywa na ethanoli, nyingi yake ya mahindi. Lakini mkulima wa Ontario ana hati ya shamba lake na anauza mahindi kwa bei anayoijua. Mzee wa kijiji kule aliletewa karatasi ya lugha asiyoisoma, ya miaka ambayo hata mjukuu wake ataikuta haijaisha.

Ndipo nauliza, sisi tulioko huku tuna kazi gani? Kupiga kelele kila mtu anaweza. Mimi naleta jambo moja tu.

Kanada ina sheria ya uwazi wa malipo ya uchimbaji, inayojulikana kwa kifupi ESTMA, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2015. Inazibana kampuni za mafuta, gesi na madini zilizo katika masoko ya hisa ya Kanada, na nyingine kubwa zenye shughuli hapa. Kila mwaka kampuni lazima itoe ripoti ya ilichoilipa serikali yoyote duniani, ikiwa malipo ya aina moja yamefika dola 100,000: kodi, mrabaha, ada, bonasi, gawio. Ripoti hiyo lazima iwe wazi kwa umma kwa miaka mitano. Huhitaji wakili wala kumjua mtu. Unahitaji kompyuta na subira.

Mtu ataniambia: ripoti inaonyesha kilicholipwa, haionyeshi kilicholiwa. Kweli kabisa. Tena haigusi kampuni ya Dubai wala ya China isiyo na mguu hapa, na mbono haumo. Lakini mbunge wetu akisimama na kusema kampuni haijalipa kitu, na karatasi ya Kanada inasema imelipa, hapo mwananchi ana pa kuanzia.

Na tusijitoe. Kila mmoja wetu mwenye kazi anakatwa pensheni ya CPP, na mfuko huo huwekeza pia katika kampuni za nishati. Huenda senti yetu iko upande wa pili wa mkataba tunaoulaani.

Napendekeza tuchague watu watano miongoni mwetu, wazee kwa vijana. Kila mwaka wasome ripoti za kampuni zinazochimba kwetu, iwe mafuta Turkana au dhahabu Tanzania, waziandike kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na tuzipeleke nyumbani: redioni, misikitini, makanisani, kwa madiwani. Wale watakaobishana kuchimba au kutochimba wabishane wakiwa na tarakimu mkononi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafuta hatuyashiki sisi, wala ardhi hatuigawi sisi. Daftari liko karibu nasi kuliko walivyo nalo wenzetu wa nyumbani. Tukilikosa hata hilo, mdogo wangu akipiga simu tena nitamtumia pesa kidogo, na nitabadilisha mazungumzo.