Mtoto Alindaye Viatu





Katika lugha ya Kiganda, kikuubo ni kichochoro, yaani njia nyembamba ipitayo baina ya nyumba na nyumba. Jina hilo limeuelekea mtaa huu. Hapa, karibu na stendi ya zamani ya mateksi na uwanja wa Nakivubo, watu, mikokoteni na wachukuzi wenye magunia hupita wakibanana tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Sukari, sabuni, mchele na mafuta huuzwa kwa jumla, na wanunuzi hutoka Kongo, Sudani ya Kusini, Rwanda na kila pembe ya Uganda. Ni mahali pa riziki, na kila hatua ya ardhi ina bei yake.

Walakini mahali pa riziki pana watoto pia. Wapo watoto wa wenye maduka, watoto wa wachukuzi, na watoto wa akina mama wauzao chakula. Watokapo shuleni au madrasa hutafuta mahali pa kuchezea, na mchezo wa mtoto haungojei kiwanja. Hukaa popote penye hatua kumi za wazi: nyuma ya ghala, katika uwanja wa shule, au katika ua wa msikiti.

Mwenye kuwatazama watoto wakicheza ataona jambo ambalo si la Kikuubo tu. Wanapovua viatu ili wakimbie, viatu hurundikwa kando, na mtoto mmoja huambiwa avilinde. Aghalabu ndiye mwenye mguu uliopooza, au asiyeona vizuri, au asiyesikia, au aliye mzito wa kufahamu. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza. Wenzake wamempa kazi, na wakubwa wapitao husema, "Afadhali, naye yupo na wenzake." Lakini kulinda viatu si kucheza. Jua likichwa, wenzake hurudi nyumbani wamechoka na wamecheka, na yeye hurudi akiwa amejifunza kwamba nafasi yake ulimwenguni ni pembeni. Maneno haya yote yanamhusu mtoto huyo.

Watoto wa namna hiyo si wachache. Hesabu ya watu iliyofanywa Uganda mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 2 na zaidi, 12 na ziada kidogo walikuwa na ulemavu wa namna fulani. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240, yaani mmoja katika kila kumi. Basi wakionekana watoto 30 wanacheza katika ua, ingetazamiwa kuwako watatu wa namna hiyo kati yao. Wasipoonekana, haina maana kwamba mtaa hauna watoto hao. Maana yake ni kwamba wako ndani, nyuma ya pazia.

Sheria imekwisha kusema neno lake. Elimu ya msingi bila ada ilipoanzishwa Uganda mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila nyumba, mtoto mwenye ulemavu alitajwa kuwa wa kutangulizwa. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 30 cha mapatano hayo kinautaja mchezo waziwazi: watoto wenye ulemavu wacheze sawasawa na wengine. Hata hivyo sheria haina mkono wa kushika jembe. Serikali yaweza kufungua mlango wa darasa. Mlango wa ua uko mikononi mwa majirani.

Wala Waislamu hawana haja ya kuazima fundisho hili kwa watu wengine. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Hakuwekwa pembeni aonewe huruma. Aliadhini katika mji wa Madina, na Mtume (S.A.W.) alipotoka safari alipata kumwachia usimamizi wa mji. Heshima aliyopewa ilikuwa kazi yenye uzito, mbele ya watu.

Sasa yafaa kutazama ni nini hasa kinachomzuia mtoto. Wengi hudhani kwamba kizuizi ni mguu wake au jicho lake. Ukichunguza utakuta kwamba mara nyingi kizuizi ni kazi ya fundi, na kilichojengwa na fundi chaweza kuondolewa na fundi.

La kwanza ni mlango na kizingiti. Mlango wenye upana wa sentimita 90 hupitisha kiti cha magurudumu bila taabu. Penye ngazi hutiwa mteremko, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Basi kizingiti cha sentimita 15 hutaka mteremko wa sentimita 180. Hiyo ni saruji kidogo na kazi ya siku chache.

La pili ni ardhi yenyewe. Kokoto na mchanga mwingi humzuia mwenye magurudumu na mwenye magongo pia. Udongo mwekundu wa barabara, ukishindiliwa vizuri, huwapitisha wote. Na kwa kuwa mvua za Kampala ni nyingi, maji yapewe njia, na mfereji ufunikwe, kwa maana mfereji ulio wazi ni hatari kwa asiyeona na kwa aonaye.

La tatu ni kivuli. Kampala iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua la adhuhuri humuunguza ngozi mtoto mwenye ualbino. Mti mmoja mkubwa, au paa la mabati juu ya nguzo nne, humpa saa nyingi za kucheza ambazo hakuwa nazo.

La nne ni mchezo wenyewe, na hapa hapahitajiki saruji, yahitajika akili tu. Mpira ukifungwa ndani ya mfuko wa plastiki hutoa sauti unapoviringika, na asiyeona huufuata kwa sikio. Kwa njia kama hiyo ulianzishwa mwaka 1946 mchezo wa goalball, wenye mpira wa njuga, kwa ajili ya askari waliopofuka katika vita kuu ya pili. Na leo huchezwa katika michezo ya Paralimpiki. Mwamuzi akipunga kitambaa mahali pa filimbi, asiyesikia hujua kwamba mchezo umesimama. Katika kwepena, mchezo wapendao watoto wa Uganda, mwenye kiti cha magurudumu aweza kuwa mrushaji wa mpira, na wenzake wakikubaliana juu ya kanuni, aweza pia kuwa mkwepaji. Na omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, huchezwa kwa vidole kama uchezwavyo kwa macho. Asiyeona akizoea kuhesabu kete kwa kugusa, huenda akawashinda wenye macho.

Msaada wa kazi hii hauko mbali. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Katalemwa Cheshire Home hutengeneza viti na vifaa vya kuwasaidia watoto wenye ulemavu. Hapana haja ya kukisia gizani wakati wajuzi wako mjini.

Katika mji wa San Antonio huko Marekani, baba mmoja, Gordon Hartman, alimwona binti yake Morgan, mwenye ulemavu, akiwaendea watoto wengine katika bwawa ili acheze nao, na wale watoto wakatoka majini. Mwaka 2010 baba huyo alifungua bustani kubwa ya michezo, Morgan's Wonderland, ambamo kila chombo kilitengenezwa ili mtoto yeyote akitumie. Kikuubo haiwezi kujenga bustani ya namna hiyo, wala haiombwi kuijenga. Linalofaa kuigwa ni jambo moja: mtu mzima alikiona kitendo kile kidogo, na hakukiita mchezo wa watoto.

Mfano wa nyumbani upo pia. Katika michezo ya Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, Husnah Kukundakwe wa Uganda aliogelea akiwa na umri wa miaka 14, mdogo kuliko washindani wote wa michezo ile. Alizaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wake wa kulia. Si kila mtoto atakwenda Tokyo, na mchezo hauhitaji medali ili uwe haki. Lakini hakuna aogeleaye mbele ya ulimwengu ila kwanza aliruhusiwa kuingia majini.

Watu wenye busara wana hoja mbili za kupinga, nazo zastahili jibu. Ya kwanza ni ya fedha: ua katika mtaa kama huu waweza kujengwa maduka, na kodi ya maduka yaweza kulisha madrasa. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, madrasa huwekwa kwa ajili ya watoto, na jumuiya iliyouza hatua yao ya mwisho ya kuchezea ili kuwasomesha imewapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mkono wa pili. Hatua ishirini kwa ishirini zikiachwa wazi, maduka yatajengwa pembezoni, na ua utabaki.

Hoja ya pili ni ya mama. Anaogopa kwamba mwanawe ataangushwa, au atachekwa. Mama huyo asilaumiwe; ameyaona mengi. Aitwe, aulizwe, na siku za kwanza mtu mzima mwenye heshima akae uani. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Yuko apendaye kutazama tu, na huyo asilazimishwe. Lakini kuchagua kukaa kando ni jambo moja, na kuwekwa kando ni jambo jingine.

Waheshimiwa, jumuiya inapokumbuka miaka yake, hutaja misikiti iliyojengwa, wanafunzi waliohitimu na wazee waliotangulia mbele ya haki. Ni vyema. Kwa miaka ijayo yapendekezwa matendo matatu yasiyozidi uwezo wa mtaa. Kwanza, nyumba kwa nyumba, majina ya watoto walio ndani yaandikwe kwa idhini ya wazazi wao. Pili, kizingiti kimoja kivunjwe na mteremko mmoja ujengwe kabla ya mvua zijazo.

La tatu ni dogo kuliko yote. Misikiti mingi ina rafu ya viatu mlangoni, na waumini husali bila kumwacha mtu nje. Seremala mmoja, kwa mbao chache, atengeneze rafu kama hiyo katika ua wa watoto. Hapo viatu havitahitaji mlinzi, na mtoto yule aliyekuwa akivilinda ataweza kuvua vyake, aviweke pamoja na vya wenzake, aingie.