Watoto wa Namibia na Shule ya Ugenini



Akitajwa kijana aliyekwenda ng'ambo kusoma, picha inayowajia wengi ni ya kijana mwenye cheti cha kidato cha sita, sanduku jipya, na jamaa waliojaa uwanja wa ndege kumuaga. Kijana huyo anajua anakokwenda, anajua atakaa miaka mingapi, na anaijua njia ya kurudi. Mazungumzo haya yanahusu wasafiri wa namna nyingine. Wao walikuwa na umri wa kati ya miaka mitatu na saba. Hawakuwa na cheti wala sanduku, na nchi waliyoambiwa kuwa ni yao wengi wao walikuwa hawajapata kuiona kwa macho.

Watoto hao ni wa Namibia. Mwezi wa Desemba 1979, watoto 80 walitolewa katika kambi za wakimbizi za SWAPO, wakapandishwa ndege, na kushushwa katika baridi kali ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Ujerumani, nchi ambayo watu walizoea kuiita Ujerumani ya Mashariki. Waliandamana na walezi wa Kinamibia, wengi wao wasichana ambao wenyewe walikuwa wametoka utotoni juzi tu. Walipelekwa katika kijiji cha Bellin, kaskazini ya nchi hiyo, wakakaa katika jumba kubwa ambalo zamani lilijengwa kwa ajili ya anasa ya uwindaji wa matajiri. Makundi mengine yalifuata, mpaka jumla yao ikazidi 400.

Kwa nini watoto wadogo namna ile wapelekwe mbali namna ile? Jibu ni Cassinga. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 1978 ndege za makaburu zilipiga mabomu kambi ya Wanamibia iliyokuwa Cassinga, kusini ya Angola, kisha wakashushwa askari wa miavuli kumalizia kazi. Waliokufa wanahesabiwa kuzidi 600. Serikali ya Pretoria ilidai kwamba imeshambulia kambi ya kijeshi tu. Lakini miongoni mwa waliofukiwa katika makaburi ya pamoja walikuwamo wanawake na watoto. Baada ya siku hiyo, ni nani angeweza kumwambia mama mkimbizi kwamba mwanawe yu salama kambini? SWAPO iliziomba nchi rafiki ziwapokee watoto. Cuba iliwapokea wanafunzi kwa mamia katika shule za Kisiwa cha Vijana, na Ujerumani ya Mashariki ikawachukua hawa wadogo.

Lakini hapana budi kusema kwamba usalama haukuwa sababu pekee. Chama kilikuwa kikitazama mbele. Nchi itakapokuwa huru itahitaji waganga, wahandisi, walimu na makada, na wakoloni hawakuacha hazina ya watu wa namna hiyo. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo watoto walifundishwa kwamba wao ndio watakaoijenga Namibia mpya. Walivaa skafu za mapainia, wakajifunza gwaride, wakaimba nyimbo za ukombozi. Huo ni mzigo mkubwa kumtwika mtoto ambaye bado anafungiwa kamba za viatu.

Shule yenyewe ilikuwa njema. Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha watoto 70 chini ya mwembe, kwa kipande kimoja cha chaki, angeitamani. Kulikuwa na vitabu, vitanda safi, daktari, chakula cha kutosha, na walimu waliosomea kazi yao. Mchana watoto walijifunza kwa Kijerumani. Walezi wao wa Kinamibia waliwafundisha nyimbo na ngoma za kwao. Baada ya miaka michache lugha hizo mbili zilichanganyika vinywani mwao ikazaliwa ya tatu, ambayo baadaye wenyewe waliiita Oshi-Deutsch, yaani Kijerumani kilichotiwa Oshiwambo. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha lugha hiyo. Pengine ndiyo mali pekee waliyojitafutia wenyewe bila ya kupangiwa.

Mwaka 1985 wakubwa miongoni mwao walihamishiwa mji wa Stassfurt, katika shule iliyoitwa Shule ya Urafiki. Shule hiyo ilifunguliwa 1982 kwa ajili ya watoto wa Msumbiji karibu 900. Ndani ya uzio urafiki ulikuwapo. Nje ya uzio mambo hayakuwa hivyo kila siku, na mwaka 1987 mwanafunzi mmoja wa Msumbiji aliuawa na vijana wa mji huo. Serikali iliyotangaza kwamba imeung'oa ubaguzi wa rangi kwa mizizi yake haikupenda kulizungumza jambo hilo hadharani. Watoto walilijua.

Hapa linaingia jambo lililo zito zaidi. Lugha waliyofundishwa watoto wale ilikuwa imekwisha kufika Namibia kabla yao. Ujerumani iliitwaa nchi hiyo mwaka 1884. Waherero walipoinuka Januari 1904 kutetea ardhi na mifugo yao, aliletwa Jenerali Lothar von Trotha na majeshi mapya. Baada ya mapigano ya Waterberg mwezi wa Agosti, watu walikimbilia jangwa la Omaheke pamoja na wake zao, watoto na ng'ombe, na askari wakawazuia wasirudi kwenye maji. Tarehe 2 Oktoba 1904 jenerali huyo alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Wanama nao walipigana, na mzee wao Hendrik Witbooi akafa vitani 1905. Waliosalia walitiwa katika kambi. Iliyoogopwa kuliko zote ni ile ya Shark Island, kwenye bandari ya Lüderitz. Mafuvu ya waliokufa yalipelekwa Ujerumani yakapimwe na wataalamu waliotaka kuthibitisha kwamba mtu mweusi ni duni. Kufika mwaka 1908, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, Waherero waliokufa walifikia hata asilimia 80, na Wanama karibu nusu yao. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa sana, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo, 1905 mpaka 1907, majeshi ya dola hiyo hiyo yalikuwa yakichoma maghala ya nafaka kusini ya Tanganyika katika vita vya Maji Maji.

Je, Ujerumani ya Mashariki iliificha historia hiyo? Haki itendeke: haikuificha. Mwanahistoria wake mmoja, Horst Drechsler, alichapisha mwaka 1966 kitabu kilichotumia majalada ya wakoloni wenyewe kuonyesha yaliyotendeka, wakati ambapo wengi katika Ujerumani ya Magharibi hawakutaka kuyasikia. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Nchi ile ilisema kwamba maovu hayo ni ya mabeberu, na kwamba warithi wa mabeberu wanakaa upande wa pili wa ukuta. Vivyo hivyo ilisema juu ya Hitler. Wanafunzi wa nchi ile walipelekwa Buchenwald kuona kambi ya mateso, wakaambiwa kwamba wao ni watoto wa walioshinda ufashisti. Ukuta wa Berlin uliweza kuugawa mji. Kugawa yaliyopita, kipande kibaya kwa jirani na kizuri kwa mwenye nyumba, ni kazi iliyoushinda. Mtoto wa Kinamibia aliyekulia humo alijifunza kwamba kuna Wajerumani wawili, rafiki na adui, na kwamba yeye amelelewa na rafiki. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake. Aliporudi nyumbani ndipo alipokutana na yule wa pili, tena akisema lugha ile ile.

Marejeo yenyewe yalikuja kama mvua ya ghafla. Wanamibia walipiga kura kuanzia tarehe 7 mpaka 11 Novemba 1989, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na SWAPO ikashinda. Katikati ya siku hizo tano, tarehe 9, ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Juma moja likazaa nchi moja na kuichimbia nyingine kaburi, na watoto hawa walikuwa na mguu katika kila moja. Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo, kwa muda wa siku chache tu, watoto wote walirudishwa Windhoek kwa ndege. Baada ya wiki tano Ujerumani ya Mashariki ikafutika katika ramani ya dunia, na shule zao, vyeti vyao na walezi wao wakabaki katika nchi isiyokuwapo.

Waliotua Windhoek hawakuwa tena watoto wa kubebwa. Wakubwa wao walikuwa vijana wa miaka 17 na 18. Jamaa walikuja kuwatafuta, wengine wakiwa na picha ya mtoto wa miaka minne mkononi, mbele yao amesimama msichana aliyewazidi kimo. Mama anasema Oshiwambo, binti anaelewa nusu na kujibu robo. Wengine walichukuliwa kwenda vijiji vya kaskazini, kutwanga uwele na kuteka maji, kazi ambazo watoto wa hapo huzianza wakiwa na miaka mitano na wao hawakuzijua kabisa. Kijijini waliitwa Wajerumani. Shuleni Katiba mpya ilitaka Kiingereza, shule nyingi bado zilikuwa zikifundisha kwa Kiafrikana, na wao walikuwa na Kijerumani.

Basi ni nani aliyekuwa tayari kuwapokea wanafunzi weusi wanaosema Kijerumani? Ni Wazungu wa Namibia wenye asili ya Ujerumani, na miongoni mwao wamo wajukuu wa walowezi waliokuja enzi za von Trotha. Baadhi ya familia hizo ziliwachukua watoto nyumbani mwao, na shule binafsi ya Kijerumani ya Windhoek ikawafungulia wengine milango. Karibu na shule na ofisi za mji ilikuwa imesimama sanamu ya shaba ya askari wa Kijerumani juu ya farasi, iliyozinduliwa 1912 kwa heshima ya Wajerumani waliokufa katika vita vya kuwaua Waherero na Wanama. Sanamu hiyo iliondolewa mahali pake Desemba 2013. Kwa hiyo vijana waliolelewa wawe makada wa mapinduzi walipita chini yake kila siku, huku wakilishwa na kusomeshwa na watu ambao chama kiliwaita wakoloni. Wenye kupenda hadithi nyepesi hawatalifurahia jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na wema wa familia zile haufai kubezwa kwa sababu tu ya babu zao.

Wapo wanaosema kwamba kuwapeleka watoto wale Ulaya lilikuwa kosa tangu mwanzo. Kauli hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye mtoto wake hakuwa Cassinga. Walipelekwa wakaishi. Deni la wazee liko katika miaka 11 ya katikati. Ndege ya kwenda ilipangwa kwa uangalifu, lakini ile ya kurudi haikupangwa na mtu yeyote mpaka dunia ilipoipanga kwa nguvu. Waliambiwa kwamba nchi inawangoja, na walipofika hawakukuta nafasi iliyowekwa kwa ajili yao, wala mwalimu aliyeandaliwa kuwapokea.

Watanzania wanao mfano wa kulinganisha. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976 walijengewa shule Mazimbu, Morogoro, katika ardhi iliyotolewa na Serikali ya Tanzania. Shule hiyo ilibeba jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979, na iliendeshwa na ANC yenyewe mpaka 1992. Haikuwa na vitanda vya Bellin, na matatizo yake yalikuwa mengi. Lakini mtaala ulikuwa wa wenyewe, na watu waliowazunguka hawakuona ajabu ngozi yao.

Mmoja wa watoto wa mwaka 1979, Lucia Engombe, aliyeondoka akiwa na miaka saba, alichapisha maisha yake katika kitabu mwaka 2004. Jina la kitabu linamtaja kama mtoto nambari 95, nambari aliyopewa huko. Amekiandika kwa Kijerumani.

Mwaka 2011 mafuvu ya kwanza yalirudishwa Namibia kutoka Berlin. Mei 2021 Serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyotendwa 1904 mpaka 1908 yalikuwa mauaji ya kimbari, ikaahidi fedha kwa muda wa miaka 30, na Waherero na Wanama wengi wakakataa kwa kuwa hawakukaa mezani ipasavyo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa ajili ya Maji Maji. Watoto wa Bellin walikuwa wamekwisha kuwa watu wa makamo, wenye watoto wao. Wengine wamepata riziki kwa lugha ile ile, katika utalii, katika redio, katika kufasiri. Na wakikutana Windhoek wao kwa wao, pasipo mgeni, bado husemezana kwa Oshi-Deutsch.