Uaminifu Wakati Msimamizi Hayupo

(Mada iliyotolewa katika Juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)

Somo: Luka 12:42–48



Wahenga walinena kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Methali hiyo huipima tabia ya mwanadamu kwa kipimo kimoja tu: mtu hutenda nini anapojua kwamba haonekani? Bwana Yesu alitumia kipimo kicho hicho. Katika somo hili bwana wa nyumba yuko mbali, naye wakili ameachiwa kazi ya kuwapa watumishi posho yao kwa wakati wake. Siku zinapita na bwana hajarudi. Wakili mmoja anaendelea kugawa chakula kama kawaida. Mwingine anaanza kuwapiga wenzake, kula na kulewa. Kurudi kwa bwana hakumfanyi wakili kuwa mwema au mwovu. Kunafunua tu yale aliyoyatenda kila siku.

Mtihani wa mwaka 1920

Kanisa la Kilimanjaro lilipewa mtihani huo mapema. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita, serikali ya Uingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Waliobaki ni wachache tu wenye asili ya nchi za Baltiki. Msaada kutoka Ujerumani ulikuwa umekatwa na vita. Katika sharika za mlimani hapakuwa bado na mchungaji mwenyeji aliyewekewa mikono. Kanisa lilikuwa na umri wa miaka 27, nalo liliachwa mikononi mwa walimu na wazee.

Mtu wa nje angeweza kudhani kwamba kazi hiyo itakufa. Haikufa. Kengele ziliendelea kulia siku ya Bwana, watoto wakaendelea kufundishwa, wagonjwa wakaombewa, na waliokufa wakazikwa kwa Neno la Mungu. Walutheri wa Marekani walipokuja kusaidia miaka michache baadaye, walikuta sharika zilizo hai. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa tena kazini, na kwa mara ya pili nyumba haikuanguka. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Askofu Stefano Moshi akawa Mkuu wake wa kwanza, tunda la uaminifu ule wa zamani lilionekana wazi. Mtume Paulo aliwasifu Wafilipi kwa jambo lilo hilo: walitii alipokuwapo kwao, na zaidi sana alipokuwa hayupo (Wafilipi 2:12).

Chanzo cha uaminifu

Uaminifu huo haukuzaliwa siku wamisionari walipoondoka. Siku ya dhiki haimpi mtu tabia mpya. Humkuta na ile aliyokwisha kuijenga. Mwalimu aliyezoea kuhesabu sadaka kwa haki alipokuwa akisimamiwa, na kwa moyo mweupe, ndiye aliyeihesabu kwa haki alipobaki peke yake. Martin Luther alipoandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529, alikusudia mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa maneno rahisi. Alijua kwamba Mkristo hujengwa mezani na kitandani, kwa sala ya asubuhi na ya jioni, kabla hajaonekana madhabahuni.

Hata hivyo, mazoea peke yake hayatoshi. Mti huwa mwema kwanza, ndipo huzaa matunda mema. Mtu hahesabiwi haki kwa sababu ni mwaminifu. Kwa kuwa amehesabiwa haki bure kwa imani, amewekwa huru kumtumikia jirani yake bila kutafuta malipo wala sifa. Anayetii kwa kuogopa jicho la msimamizi ataacha kutii jicho hilo likifumbwa. Anayetii kwa upendo hana haja ya kulindwa. Ndiyo maana Paulo anautaja uaminifu kuwa tunda la Roho (Wagalatia 5:22).

Maji ya usiku

Wazee wa mlimani wanaufahamu mfereji. Maji hushuka kutoka juu, kila kihamba kina zamu yake, na wote hushiriki kuutengeneza. Lakini usiku ni rahisi kwa aliye juu kuyageuza maji yaingie shambani mwake. Hakuna amwonaye. Asubuhi mjane aliye chini huamka na kukuta mfereji umekauka, wala hajui ni nani aliyemnyima. Dhambi ya siri haikosi mtu wa kuilipia.

Usharika nao una mifereji yake. Yuko mtunza hazina anayeshika bahasha za ahadi, na mzee anayepokea mchango wa jengo kwa simu yake. Yuko baba anayekaa mbali na nyumba yake kwa ajili ya kazi, na kijana aliyepata kipaimara hapa ambaye sasa yuko Dar es Salaam au Arusha, mahali ambapo hakuna mama wala mwinjilisti amwonaye. Wote hao wamewekwa katika nafasi ya wakili yule. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote, akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa na ni nani aliyemdhulumu, nao wakakiri kwamba hakumdhulumu mtu (1 Samweli 12:1–5). Heri kiongozi awezaye kuuliza swali hilo pasipo kutetemeka.

Yuko pia aliyeshindwa, anayeketi katika sherehe hii akijua aliyoyafanya gizani. Petro alimkana Bwana usiku, penye moto wa makaa. Bwana alimtafuta asubuhi, penye moto mwingine wa makaa, akamkabidhi kondoo wake (Yohana 18 na 21). Mlango wa toba haujafungwa. Lakini kilichotwaliwa kirudishwe, kama Zakayo alivyofanya.

Ndugu wapendwa, shukrani za jubilei ni njema, na majina ya waliotangulia yanastahili heshima. Heshima iliyo kubwa zaidi ni kuishi kama walivyoishi. Kesho wageni watarudi makwao, turubai zitashushwa, na vitabu vya mahesabu vitarudi kabatini. Hapo ndipo karne ya pili ya usharika huu itakapoanza. Bwana wa nyumba atakapokuja, na amkute kila wakili akigawa posho kwa wakati wake.

Amina.