Kitabu Kisichoonekana Katika Simu



Ndugu wapendwa wasikilizaji, mwaka 2019 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka Dominika ya tatu ya Kipindi cha Kawaida iwe Dominika ya Neno la Mungu. Katika Mwaka C, somo la kwanza la Dominika hiyo latupeleka Yerusalemu, mbele ya Lango la Maji. Ezra anasoma Torati, na watu wote, wanaume kwa wanawake, wanasikiliza tangu mapambazuko hata adhuhuri. Walawi nao wanawafafanulia maana. Wataalamu wengi wanaona kwamba baada ya uhamisho wa Babeli watu wale walikuwa wamezoea Kiaramayo, hata Kiebrania cha Torati kikahitaji mfasiri. Walipoelewa, walilia.

Leo kijana wa Olasiti hubeba Biblia nzima katika simu yake. Hii ni neema, wala tusiidharau. Lakini tuchukue mfano. Jumuiya Ndogo Ndogo imekusanyika katika nyumba yenye msiba. Katekista anataja Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambapo Yuda Makabayo anachanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa. Kijana anatafuta katika simu, haoni. Jirani ananong’ona kwamba Wakatoliki wamejitungia kitabu. Mjane anasikia, naye anajiuliza: Je, sala tunazomwombea marehemu mume wangu zina msingi gani?

Ndugu zangu, kitabu hakikutungwa wala hakikupotea. Programu nyingi za simu hutumia tafsiri iitwayo Union Version, iliyokamilika mwaka 1952. Ni kazi ya heshima ya ndugu zetu Waprotestanti, warithi wa juhudi alizoanza Krapf kule Mombasa mwaka 1844 na Askofu Steere kule Unguja. Kwa kawaida toleo hilo halina vitabu saba tuviitavyo vya Deuterokanoni: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Vitabu hivyo vilisomwa na Wakristo wa kwanza katika Biblia ya Kigiriki, na Mtaguso wa Trento ulivithibitisha mwaka 1546. Biblia Habari Njema, iliyofasiriwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, inapatikana kwa namna mbili: yenye vitabu hivyo na isiyo navyo. Ushirikiano wa namna hiyo uliruhusiwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965.

Kwa hiyo, makatekista wapendwa, kabla ya kusema kwamba andiko fulani halipo, ulizeni kwanza: Hili ni toleo gani? Fungueni orodha ya vitabu mkahakikishe kwamba Tobiti yumo. Someni pia aya zinazotangulia na zinazofuata, maana simu hutoa upesi aya moja iliyotengwa na wenzake, na aya iliyotengwa ni rahisi kuipindisha.

Tena maneno yenyewe yanahitaji mtu wa kuyafafanua. Katika lugha ya Kimaa, isemwayo na majirani zetu Waarusha na Wamaasai, Mungu huitwa Enkai. Neno hilo ni la jinsia ya kike, na hutaja pia mvua na mbingu. Simu itamwonyesha mjukuu neno hilo. Bibi yake, aliyeingoja mvua miaka ya ukame, ndiye atakayemweleza linavyosikika moyoni. Vivyo hivyo Kanisa ni mama anayesoma pamoja na watoto wake.

Basi, jioni ya leo, mwenye simu asome kwa sauti, na mzee aeleze, na mtoto aulize. Na kama katika mtaa wenu yupo mjane aliyeachwa na shaka, mwendeeni wiki hii mkiwa na Biblia kamili. Msiende kubishana na jirani yake. Mfungulieni ukurasa ule, mmsomee taratibu, kisha msali naye kwa ajili ya marehemu wake.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.