Kalsiamu Inapowaka Kijani

Hivi sasa, moyo wako ukidunda na sauti yangu ikikufikia, kalsiamu inapanda na kushuka ndani ya seli zako. Leo nakuletea habari za protini inayowawezesha watafiti kuyaona hayo kwa macho, seli ikiwa hai.

Mwaka 1961, Mjapani Osamu Shimomura alikuwa Friday Harbor, pwani ya magharibi ya Marekani, akichunguza konyeza, ambao wengine wetu tunawaita yavuyavu. Kazi ilikuwa imemkwama. Siku moja akamwaga mabaki ya jaribio kwenye sinki, sinki likawaka buluu. Maji ya bahari yalikuwa yakimiminikia humo, na kalsiamu iliyomo ndiyo iliyoiwasha protini aliyokuwa akiisaka. Katika konyeza hao hao akapata protini ya pili, inayopokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kubadili utafiti wa biolojia.

Mtafiti Douglas Prasher alichapisha jeni ya protini hiyo ya kijani mwaka 1992. Miaka miwili baadaye mtafiti mwingine, Martin Chalfie, akaonyesha kwamba bakteria na minyoo wakitiwa jeni hiyo, nao hung'aa.

Kilichofuata ni werevu mtupu. Protini hii ina umbo la pipa, na sehemu inayong'aa imo ndani kabisa, imekingwa dhidi ya maji. Mwaka 2001, Junichi Nakai na wenzake nchini Japani waliitumia ikiwa imepangwa upya hadi pipa lina ufa, wakaiunga na protini nyingine inayonasa kalsiamu. Kalsiamu ikipungua, maji hupenya ufani na mwanga hufifia. Kalsiamu ikiingia, ile protini inayoinasa hujikunja, ufa huzibika, seli hung'aa. Protini ya konyeza ikawa kipimo.

Mwaka 2013, Misha Ahrens na Philipp Keller, huko Marekani, walitumia kipimo cha aina hiyo kwa vitoto vya samaki wa pundamilia, ambavyo miili yao hupitisha mwanga. Wakarekodi karibu ubongo mzima ukifanya kazi, wenye seli za neva takriban 100,000, nyingi zikionekana moja moja. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa picha kuu ambazo biolojia imetupatia.

Hata hivyo, picha hiyo isomwe kwa uangalifu. Mwanga huo hutoa habari za kalsiamu, si za umeme wa neva wenyewe, nao huja kwa kuchelewa. Tena kipimo chenyewe hushika kalsiamu. Kikizidi, huivuruga seli inayopimwa. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kutengeneza protini zinazohisi volti moja kwa moja.