MWEKA HAZINA HAKUIBA
Presha, mishipa midogo ya ubongo, na wazee wetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia huko Tarbaj. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na vikundi vingine viyasome na kuyajadili.)

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana, asanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Najua wako waliokesha kisimani wakinywesha ngamia, kwa hiyo sitawachosha.

Leo sikuja kuzungumza juu ya mbuzi wala mikopo. Nimekuja kueleza kosa langu. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kuungama, na kosa hili nililitenda mbele ya kikundi, kwa hiyo afadhali niliseme mbele ya vikundi.

KISA CHENYEWE

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasaidia kikundi kimoja cha akina mama. Si cha hapa, na jina lake naliacha. Mweka hazina wao alikuwa mama wa miaka kama 60. Shule hakusoma, lakini hesabu zote zilikuwa kichwani mwake: nani amelipa, nani ana deni, mbuzi wa nani amezaa pacha. Kwa miaka tisa haikupotea hata shilingi moja.

Halafu mambo yakaanza kuharibika polepole. Ukimuuliza neno, ananyamaza kidogo kama mtu anayetafuta kitu gizani, ndipo anajibu. Akawa anatembea kwa hatua fupi fupi, miguu ikiburuta mchanga. Akaacha kuwatembelea wenzake. Watoto wake wakasema, "Ayeyo amezeeka tu." Jirani mmoja akasema ni jini. Kisha hesabu ya mwezi ikapungua shilingi 400. Mwezi uliofuata ikapungua 1,100. Watu wakaanza kunong'ona.

Barua ya kumwondoa niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Nilijiona nimesimamia haki. Siku ile hakujitetea. Alikaa akitazama chini, nasi tukasema: unaona, mwenye hatia hana la kusema.

Miezi saba baadaye akaamka asubuhi mkono mmoja haufanyi kazi. Kilikuwa kiharusi. Alipopimwa presha ilikuwa 190 juu ya 110, na hakuna aliyewahi kumpima kabla ya siku hiyo. Ndugu zake wakachanga, akapigwa picha ya ubongo katika hospitali kubwa. Daktari akawaambia: hiki kiharusi mnachokiona si cha kwanza. Ndani ya ubongo kulikuwa na makovu madogo madogo mengi ya zamani. Mama huyu alikuwa mgonjwa muda mrefu kabla hatujamwita mwizi.

Na zile pesa? Nyingi zilikutwa nyumbani kwake, zimefungwa kwenye pembe za leso kuukuu. Alizificha vizuri, kisha akasahau.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniambia polepole, "Nilidhani ni mimi nimekuwa mjinga." Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

UGONJWA HUU UNAFANYAJE KAZI?

Ubongo wa mtu ni mdogo. Ukigawa uzito wa mwili mafungu 100, ubongo ni mafungu 2 tu. Lakini katika hewa safi ya oksijeni ambayo mwili mzima unatumia, ubongo peke yake unachukua karibu mafungu 20. Ni kama ngamia mmoja anayekunywa maji ya ngamia kumi. Damu ikipungua kidogo tu, unaumia.

Damu inaingia kwa mishipa mikubwa, kisha inagawanyika katika mishipa midogo sana, mingine myembamba kuliko unywele, mpaka ndani kabisa ya ubongo. Sasa fikirieni kisima cha pampu. Bomba kubwa linatoka kwenye tangi, na mabomba membamba yanapeleka maji kwenye mabirika ya mifugo. Ninyi mnajua maji yetu ya chumvi yanavyofanya: baada ya miaka bomba jembamba linajaa ukoko ndani, njia inakuwa ndogo, na birika la mwisho linakauka. Ukitazama bomba kubwa unaona ni zima, kumbe mifugo wa huko mwisho wana kiu.

Ndivyo presha inavyofanya. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, kuta za mishipa midogo zinakuwa nene na ngumu, na njia ya ndani inabana. Mwingine unaziba kabisa, mwingine unavuja damu. Kipande kidogo cha ubongo, pengine kama punje ya mtama, kinakufa kimya kimya. Mtu haanguki, hapoozi, hata kichwa hakimuumi. Lakini vipande hivyo vikiwa vingi, njia zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine zinakatika.

Kwa hiyo dalili ya kwanza mara nyingi si kusahau. Mtu anakuwa mzito wa kufikiri. Anashindwa kupanga kazi yenye hatua nyingi, kama hesabu za kikundi au safari ya kuhamisha mifugo. Hatua zake zinabadilika. Hamu ya mambo aliyoyapenda inapotea. Wengine wanabanwa na mkojo ghafla, wengine wanalia au kukasirika bila sababu kubwa. Ugonjwa wa kusahau unaoitwa Alzheimer ni mwingine, ingawa katika wazee wengi magonjwa haya mawili yanakwenda pamoja.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Jambo hili si jipya. Daktari mmoja aliyefanya kazi Ujerumani, Otto Binswanger, aliandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1894. Lakini zamani makovu hayo yalionekana tu mtu akishakufa. Tangu miaka ya 1980 mashine za kupiga picha zimewawezesha madaktari kuyaona mtu akiwa hai, na ndipo wakagundua kwamba yako kwa watu wengi kuliko walivyodhani.

Msiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Hapo jirani Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee wa vijijini. Kati ya wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, waliona kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza akili. Na walipopima presha za wazee wa huko, karibu 7 katika kila 10 walikuwa nayo juu, na wengi wao hawakujua.

Kitu kilichonifurahisha ni jinsi walivyopima akili. Kipimo chao hakihitaji mtu awe amesoma. Unaombwa utaje wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, ukumbuke maneno uliyosomewa, na upange njiti za kiberiti kama ulivyoonyeshwa. Mzee wa Tarbaj ambaye hajashika kalamu maisha yake yote anaweza kupimwa hivyo bila kuaibishwa.

Na hapa Kenya? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja.

Sasa swali: mtu akishusha presha, akili inalindwa? Huko Marekani waliwafuata watu 9,361 wenye presha, wa miaka 50 na zaidi. Nusu walitibiwa mpaka ile namba ya juu ishuke chini ya 120, nusu wengine chini ya 140. Matokeo ya akili yalitolewa mwaka 2019. Waliotibiwa kwa nguvu zaidi walipungua kama moja ya tano katika kupata udhaifu wa akili ule wa mwanzo. Kwa ule ugonjwa mkubwa wenyewe, tofauti haikuwa wazi.

Halafu ikaja habari ya China, na hii ndiyo inayotuhusu sisi. Vijiji 326, watu karibu 34,000, wote wenye presha na miaka 40 na zaidi. Katika nusu ya vijiji, waganga wa kijiji, si mabingwa wa mjini, walifundishwa kupima presha, kutoa dawa kwa utaratibu uliopangwa, na kuwafuatilia watu wao. Wakafanya hivyo miaka minne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: katika vijiji hivyo ugonjwa wa kupoteza akili ulipungua kwa asilimia 15 ukilinganisha na vijiji vingine.

Mmesikia? Hakukuwa na mashine kubwa. Ilikuwa mashine ya presha, vidonge, na mtu wa kijiji anayerudi kukuuliza, "Umemeza leo?" Ubongo ulioharibika hatuwezi kuurudisha. Lakini ule uliobaki tunaweza kuulinda, na wakati mzuri wa kuanza ni miaka ya 40, si kungoja 70.

"SISI WAFUGAJI HATUWEZI DAWA ZA KILA SIKU"

Neno hili nimelisikia mara nyingi. Nawauliza wazee: mmesahau manyatta ya TB pale Wajir? Miaka ya sabini watu walisema mfugaji hawezi kumaliza dawa za kifua kikuu, atahama tu. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, yule mwanamke wa Italia, akaanza kuwapokea wagonjwa waje na vibanda vyao, wapige kambi karibu, na kila siku wameze dawa mbele ya macho ya mtu, miezi sita. Wafugaji walimaliza, wakapona, na njia ile ikafuatwa hata nje ya Kenya.

Tofauti ni moja. Dawa ya TB ina mwisho. Dawa ya presha kwa watu wengi haina mwisho, na ukijisikia vizuri maana yake inafanya kazi, si kwamba uiache. Mwezi wa Ramadhani usiache kimya kimya pia. Nenda zahanati kabla haujaanza, wakupangie saa ya daku au ya futari.

VIKUNDI VIFANYE NINI?

1. Pimaneni presha. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na mikoba yao ina mashine ya presha. Mwiteni wa eneo lenu siku ya mkutano. Kila mwenye miaka 40 na zaidi apimwe. Ikipita 140 juu ya 90 zaidi ya mara moja, aende zahanati.

2. Kila anayetumia dawa apewe mwenzake wa kumkumbusha. Na mfuko wa kikundi utenge kidogo kwa nauli na dawa zikikosekana.

3. Punguzeni chumvi. Kwa siku nzima mtu asizidi kijiko kimoja kidogo, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi tayari. Chai ya sukari nyingi, tumbaku na miraa, haya yote ninyi mnayajua. Miraa inapandisha presha na mapigo ya moyo. Wanaume, hilo nawaambia ninyi. Na mwenye sukari naye atibiwe, maana sukari inaharibu mishipa hiyo hiyo.

4. Mtu akipooza uso, mkono au ulimi ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kesho.

5. Pesa zishikwe na watu wawili, daima. Si kwa sababu hatuaminiani. Ni ili mmoja akianza kuchoka, mwenzake aone mapema na amfunike, asimwanike.

6. Mzee akibadilika, kwanza apimwe. Si kila uzito wa akili ni mishipa. Huzuni kubwa, upungufu wa damu, hata dawa nyingine zinaweza kuuleta, na baadhi ya hayo yanatibika. Lakini asihukumiwe kabla ya kupimwa.

Yule mama yuko hai. Presha yake sasa iko chini ya 140. Hesabu hawezi tena, lakini hali yake haijazidi kuwa mbaya. Kikundi kilimrudisha katika mkutano mmoja mbele ya wote, na barua yangu ikachanwa pale pale. Siku za mkutano anakaa mahali pake pa zamani, na mweka hazina mpya anahesabu pesa mbele yake kwa sauti, kwa heshima. Mara nyingine anatikisa kichwa: hapana, rudia. Na mara nyingine anakuwa sahihi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu au nyumbani kwetu ambaye amebadilika, nasi tukamwita mvivu, mwizi au mwenye jini?
2. Ni wangapi kati yetu waliopimwa presha mwaka huu? Hesabuni kwa kuinua mikono.
3. Ni nini kinachowazuia watu wetu kumeza dawa kila siku, na sisi kama kikundi tunaweza kuondoa kizuizi gani kwanza?
4. Nani atakwenda kumwita mhudumu wa afya, na lini?